Umeacha chaki, umeshika kamera: Mwalimu anawajibu wasomaji

Toleo lililopita niliandika hapa kuhusu picha nyeusi-nyeupe, na katikati ya maelezo nikagusia kwamba kabla ya kamera nilikuwa mhadhiri wa takwimu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja safari hii karibu zote ni za wanataaluma: waliostaafu, wanaohesabu miezi wastaafu, na mmoja aliyeacha kazi ya chuo ili awe mpiga picha na bado hajamwambia mkewe. Huyo jibu lake ni fupi: mwambie leo, kabla hujanunua lenzi ya pili. Wengine nawajibu hapa chini. Barua zenyewe nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimestaafu na uprofesa wangu wa sosholojia. Tangu ujana napenda picha nyeusi-nyeupe, na sasa nimejipatia kamera ya filamu iliyokwishatumika. Sijaigusa sana kwa sababu nataka kwanza nimalize kusoma. Nina orodha ndefu ya vitabu vya nadharia ya picha, na nimeanza kuandika pendekezo la mradi wangu wa kwanza, "Upweke katika nafasi za umma". Kuna kijana mwenye studio, alikuwa mwanafunzi wangu na nilimpa D. Ananiambia, kwa adabu zote, "Profesa, funga vitabu, nenda kapige picha ya ukuta." Nimfuate? *Msosholojia mstaafu*

JIBU: Marahaba, Profesa. Mfuate kijana.

Hiyo D ilikuwa ya sosholojia, na huenda aliistahili. Kwenye kamera yeye ndiye mhadhiri na wewe ni mwaka wa kwanza, na zoezi alilokupa ni zuri kuliko mengi yanayotolewa kwenye warsha. Chagua ukuta wa plasta. Nenda saa ambayo jua linaupiga kwa ubavu. Utakuta kila punje ya mchanga ina kivuli chake, na ufa uliokuwa huuoni unajichora kama mto kwenye ramani. Rudi wakati jua liko mgongoni mwako, linautazama ukuta uso kwa uso: ukuta uleule, lenzi ileile, na hakuna picha. Rudi tena siku ya mawingu. Kwenye picha ya rangi ungeweza kuokolewa na rangi ya ukuta wenyewe, ikiwa ya samawati iliyochakaa au njano ya kupendeza. Nyeusi-nyeupe haikupi msaada huo. Kilichobaki ni mwanga na umbo, na usipojua mwanga umetoka wapi huna cha kuonyesha.

Sasa hilo pendekezo. Sisi wa takwimu tuna majina mabaya tunayompa mtu anayeandika hitimisho kwanza, kisha akatoka kutafuta data ya kulibeba. Ukitoka nyumbani na "upweke" mfukoni, utarudi na wazee waliokaa peke yao kwenye mabenchi, mmoja baada ya mwingine. Na huenda mzee yule alikuwa anamsubiri mkewe na ana furaha zake. Picha itakuwa kielelezo cha aya uliyokwisha kuiandika, na mtazamaji atalijua hilo hata kama aya yenyewe hajaisoma.

Toka bila neno. Piga kinachokuvuta hata kama huwezi kukitetea mbele ya jopo. Filamu zikishakuwa nyingi kidogo, zichape kwa kontakti, yaani negativu, vile vipande vya filamu iliyosafishwa, zinalazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya picha, na fremu 36 zote zinatokea kwenye ukurasa mmoja, ndogo ndogo. Chukua kioo cha kukuzia, kaa nazo. Hapo ndipo sosholojia iruhusiwe kuingia chumbani. Ukiona unarudi kila mara kwenye migongo ya watu, au milango iliyo wazi nusu, basi mada imejitaja yenyewe. Mimi sikuwahi kupanga kupiga ngazi. Nilikuja kushtuka droo yangu ya negativu imejaa ngazi: vidato vilivyolika katikati, mikono kwenye vishikio, kivuli cha mtu kilichovunjika vipande vipande kikipanda.

Usidhani nakutaka utupe kila ulichokileta kutoka chuoni. Kuna kitu kimoja ulicholelewa nacho ambacho vijana wengi wa kamera hawana, nacho ni daftari. Kamera ya dijitali inajiandikia kila kitu, lakini filamu haikumbuki ulichofanya. Kwa kila fremu andika namba yake, kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), tundu la lenzi, umepimia mwanga wapi, jua lilikuwa upande gani. Filamu ikishasafishwa, weka daftari na negativu mezani, moja kando ya nyingine. Negativu nyepesi, karibu ionekane kama kioo kitupu, imekosa mwanga, na daftari litakuambia kwa nini. Kazi hii inawachosha wengi mapema. Aliyewahi kuandika tasnifu anaiona ni mapumziko.

Vitabu visome usiku, wakati hakuna mwanga. Ila kama una hamu ya kusoma kweli, soma picha. Watazame watu wa Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Akitumia mwanga wa jua, nyuma ya mteja akitundika kitambaa chenye maua, cha kwanza kikiwa shuka la kitandani kwake. Angalia nguo za mteja zinavyogombana na maua ya nyuma, au zinavyoyeyuka ndani yake, na uso tu ndio unaobaki umesimama. Vitambaa hivyo alikuwa akivibadilisha kila baada ya miaka michache, na baadaye kabisa viliweza kumsaidia kujua picha fulani ni ya lini. Ushahidi wa namna hiyo ni mzuri kuliko tanbihi nyingi nilizowahi kusahihisha.

Na ukisikia mtu anasema wasomi hawaoni, mkumbushe Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazili. Alisomea uchumi hadi Paris, akaajiriwa kama mchumi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa, kisha mwaka 1973 akaacha yote akashika kamera, ambayo kwanza ilikuwa ya mkewe. Uchumi ulibaki kwenye macho yake, maana alijua kwa nini mtu amebeba gunia. Ila hakuwahi kumgeuza mbeba gunia kuwa jedwali.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha sheria na nimebakiza muda mfupi kustaafu. Nilimpiga binti yangu picha amevaa gauni jekundu mbele ya ua wa majani mabichi. Kwenye rangi alitoka vizuri mno. Nilipoigeuza kuwa nyeusi-nyeupe, gauni na majani vikawa kitu kimoja na binti akapotea. Kamera yangu ni mbovu? *Mhadhiri wa sheria*

JIBU: Kamera nzima kabisa. Katika mahakama ya nyeusi-nyeupe ushahidi wa rangi haupokelewi. Swali linaloulizwa ni moja tu: kitu hiki kinarudisha mwanga kiasi gani? Nyekundu na kijani zinapigana machoni, lakini mara nyingi uangavu wake ni sawasawa, na zote mbili zinaangukia kwenye kijivu kilekile.

Wenye filamu hulitatua hili kwa kichujio cha kioo mbele ya lenzi. Kichujio kinapitisha rangi yake na kuzuia rangi iliyo kinyume chake. Weka chekundu: gauni linakuwa jepesi, majani yanaingia giza. Weka cha kijani: majani yanang'aa, gauni linazama. Anga la samawati, ambalo kwenye filamu hutoka jeupe kama karatasi, linashuka kidogo kwa kichujio cha njano, zaidi kwa cha chungwa, na kwa chekundu linakuwa zito kabisa, mawingu yakisimama juu yake. Kila kichujio kinakula mwanga. Cha njano hula kama stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Chekundu hasa hula stopu tatu, kwa hiyo unabaki na sehemu moja ya nane.

Wewe wa dijitali huhitaji kioo, mradi umehifadhi faili ghafi na siyo picha iliyokwisha kupikwa na kamera. Ndani ya faili ghafi rangi zote bado zipo. Usibonyeze kile kitufe cha kuondoa rangi na kuishia hapo. Fungua sehemu yenye vidhibiti vya kila rangi, pandisha nyekundu, shusha kijani, halafu shusha na njano. Njano watu huisahau, na majani yana njano nyingi kuliko tunavyodhani. Binti atarudi mara moja. Kamera nyingi pia zinakuruhusu kuona nyeusi-nyeupe kwenye kioo cha nyuma huku faili ghafi ikibaki na rangi zake. Iweke hivyo ushinde nayo wiki nzima. Utajikuta unamwambia mtu asogee hatua mbili kushoto ili apate kitu cheusi nyuma yake, na hutaweza kueleza umejuaje.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri wa uhandisi. Nilimpiga baba yangu picha, ni mweusi hasa, amevaa shati jeupe, kasimama mbele ya ukuta mweupe. Uso umetoka mkaa mtupu, hata macho hayaonekani, na shati nalo si jeupe, ni la kijivu. Nimesoma mwongozo wa kamera wote. Nilikosea wapi? *Mhandisi*

JIBU: Marahaba. Swali lako ndilo nililitamani kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera haijui baba yako ni nani. Inachojua ni kwamba dunia, ukiichanganya yote, hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga, na hicho ndicho kijivu cha katikati. Chochote utakachoielekezea itajitahidi kukifanya kijivu hicho. Elekeza kwenye makaa utapata kijivu. Elekeza kwenye shati lililopigwa pasi utapata kijivu hichohicho. Kwenye picha yako sehemu kubwa ya fremu ilikuwa nyeupe, shati na ukuta, basi kamera ikavishusha vyote hadi katikati, na uso wa mzee ukaburutwa nao chini.

Kwa kuwa wewe ni mhandisi nitakupa namba. Karibu mwaka 1940, wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer waliupanga mwanga kwenye ngazi ya kanda, kuanzia sifuri, weusi usio na kitu ndani yake, hadi 10, weupe wa karatasi tupu. Kijivu cha katikati ni 5. Kutoka kanda moja hadi nyingine mwanga unaongezeka mara mbili, na hiyo ndiyo stopu. (Ni logi ya kizio cha 2. Niliposomea jambo hili mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.) Uso mweusi wenye afya, ukipigwa na mwanga wa kutosha, mahali pake ni kanda ya 4. Shati jeupe linalooshwa vizuri liko kama stopu tatu juu yake, yaani 7, na hapo nyuzi za kitambaa bado zinaonekana. Kamera yako ililivuta shati hadi 5. Uso ukafuata hadi 2. Kanda ya 2 ndiyo huo mkaa.

Dawa yake ni kusogea. Sogea hadi uso wa baba ujaze fremu, upime mwanga kwenye shavu lililoelekea kwenye mwanga. Tuseme mita imesema kasi ya sekunde 1/60 kwa tundu la f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukiitii, atatoka kanda ya 5, mweupe kuliko alivyo. Punguza stopu moja, iwe 1/125 kwa f/8, funga hivyo, rudi nyuma ulipokuwa, piga. Uso unakaa 4, shati linakaa 7, kila mtu mahali pake.

Kisha kuna mwanga wenyewe, na hapa miongozo mingi imeandikwa kwa kufikiria ngozi nyingine. Uso mweupe huchorwa na vivuli. Uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao: ule mstari wa nuru kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji, pembeni mwa pua. Kwa hiyo mtafutie chanzo kikubwa cha mwanga kilicho laini, mlango ulio wazi au dirisha pana, akae kwa ubavu. Upande ulio gizani mwekee kitu cheupe, hata shuka lililotandazwa kwenye kiti, nuru irudi kidogo. Mbele ya huo ukuta mweupe muondoe kabisa. Mpe giza la kijivu ambalo uso wake utalishinda. Ukiwa na kichujio cha chungwa, au kidhibiti cha rangi hiyo kwenye kompyuta, ngozi itang'aa kiasi na madoa yatapungua.

Lakini usiendelee kuvuta mpaka ukapata baba wa mtu mwingine. Nimeona picha nyingi za wazee wetu zilizong'arishwa kwa hofu, kana kwamba weusi ni kosa la kiufundi. Acha awe mweusi. Kazi yako ni kuhakikisha ndani ya weusi huo kuna macho, kuna makunyanzi, kuna kidevu kilichonyolewa asubuhi hiyo.

MAFUPI

*Filamu au dijitali?* Wengi mmeuliza, na wengine mmeniuliza kwa ukali. Anza na iliyopo nyumbani. Filamu itakufundisha kusubiri na kupima, dijitali itakufundisha haraka kwa sababu kosa unaliona papo hapo. Salgado mwenyewe alihamia dijitali mwaka 2008, na aliendelea kuchagua picha zake kwenye karatasi za kontakti kama zamani.

*Nina miaka 67, nimechelewa?* Julia Margaret Cameron, mpiga picha Mwingereza wa karne ya 19, alipewa kamera yake ya kwanza na bintiye na mkwewe akiwa na miaka 48, enzi za negativu za vioo na kemikali za kumwagika mikononi, na nyuso alizopiga bado zinatazamwa. Kama macho yanasumbua kulenga, funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 wakati mwanga unatosha. Vitu vingi vitakuwa wazi hata ukikosea kidogo.

*Lenzi ipi?* Moja. Ya milimita 50 au 35. Nyingine baadaye.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kwa niaba ya familia. Mama yetu amestaafu ualimu wa fasihi chuoni na amegeuza choo cha wageni kuwa chumba cha giza. Kuna taa nyekundu, chupa kila mahali, na anaweza kupotelea humo tangu jioni hadi usiku wa manane. Harufu tunaisikia hadi sebuleni. Tunaogopa atajidhuru. Tumwambieje? *Binti mkubwa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimwambie aache, mwambieni mambo yafuatayo, na mmoja wenu aingie naye humo ashike koleo.

Kwanza, kama anasafisha filamu tu, hahitaji chumba cha giza. Anahitaji mfuko mweusi wa kuingizia mikono, humo anaihamishia filamu kwenye tangi lisilopitisha mwanga. Kuanzia hapo kazi yote inafanyika mezani, taa zikiwaka, dirisha likiwa wazi. Filamu inaona rangi zote, hivyo hata taa nyekundu ingeiharibu. Anayehitaji taa nyekundu ni yule anayechapa kwenye karatasi, kwa sababu karatasi nyingi za nyeusi-nyeupe hazioni nyekundu.

Harufu ile kali huenda ni ya dawa ya kusimamishia, inayokatisha kazi ya dawa ya kusafishia, ambayo mara nyingi ni asidi ya siki. Zipo zisizonuka za asidi ya limau, mbadilishieni. Fiksa, dawa ya mwisho inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, nayo ina harufu yake, na katika choo kisicho na feni hewa hiyo haiendi popote. Feni ya kutoa hewa nje, na mlango ufunguliwe kila baada ya muda. Dawa ya kusafishia mara nyingi ina metol na haidrokwinoni, na kuna watu ambao ngozi zao huikataa metol hadi zinapasuka. Glavu na koleo ni lazima hata kama kwa sasa anasema hasikii kitu. Asile humo, asinywe humo. Na chupa: kila moja iandikwe jina na tarehe, na kamwe dawa isitiwe kwenye chupa ya kinywaji. Hili la mwisho msibishane naye, zitupeni mkizikuta.

Fiksa iliyotumika isimwagwe kwenye bustani wala karibu na kisima. Ina fedha ndani yake, fedha ya madini, iliyotoka kwenye filamu. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliandika mwaka 1819 kwamba "hypo", kemikali ya fiksa, inayeyusha chumvi za fedha, na utafiti wake ukakaa miaka 20 mpaka upigaji picha ulipotangazwa mwaka 1839 na watu wakajua utafiti huo una kazi gani. Msomeeni mama hilo, atalipenda, kila mwanataaluma ana makala anayoisubiri ipate msomaji. Fiksa yenyewe aikusanye kwenye dumu, aipeleke kwa wanaosafisha picha au wanaokusanya taka za kemikali.

Kuhusu kupotelea humo hadi usiku wa manane, ngoja nikueleze kinachomshika. Filamu kama HP5 Plus, ikipigwa kwa ISO 400, husafishwa kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa kwa dakika 7 na nusu, maji yakiwa nyuzi 20. Tangi linapinduliwa mara nne katika sekunde 10 za mwanzo, halafu mara nne tena kila dakika inapoanza. Maji yakiwa ya moto zaidi muda unapungua, na jedwali lipo. Hiyo ni kazi fupi, haimpotezi mtu. Anayepotea ni mchapaji. Anakata vipande vyembamba vya karatasi, anaviangazia sekunde tano, kumi, kumi na tano, anatazama kipi kimekaa sawa. Anachapa nzima. Anga ni jeupe mno, basi anarudia, safari hii anaukinga uso kwa kipande cha kadi kilichochomekwa waya, akikitikisa ili kisiache alama, kisha anaongeza sekunde kwenye anga peke yake. Anaosha, anawasha taa, ni nzuri. Asubuhi karatasi imekauka na picha imeingia giza kidogo, kwa sababu karatasi ya nyuzinyuzi hudanganya ikiwa na maji. Anarudi tena humo na kupunguza sekunde moja.

Alitumia maisha yake kuhariri sentensi za watu wengine. Anaendelea na kazi ileile. Mwekeeni saa ya ukutani na feni.

SWALI: Mwalimu, nilikuwa mhadhiri wa historia. Nina picha 120 za nyeusi-nyeupe na nimeahidiwa ukumbi wa kuzionyesha. Nimeandika maelezo ya kurasa nne yenye rejea, na kila picha ina aya yake. Rafiki yangu aliyeziona anasema ni nyingi na maelezo yanachosha. Nifanyeje ili nisipoteze muktadha? *Mwanahistoria*

JIBU: Rafiki yako ana macho, mtunze.

Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani katikati ya miaka ya 1950 akapiga fremu zaidi ya 27,000. Kitabu kilichotoka mwaka 1958 kina picha 83. Nyingi kati ya zilizoachwa zilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalouma. Wewe unataka kuonyesha 120 kwenye ukumbi mmoja, na mgeni wako atazitazama kumi za mwanzo kwa heshima, kisha ataanza kutafuta kiti.

Zichape zote ndogo, za ukubwa wa postikadi. Zibandike ukutani nyumbani, mahali unapopita kila siku, na uziache. Zipo ambazo utaacha kuziona baada ya siku chache, toa hizo. Zipo zinazosema jambo moja. Baki na moja. Zipo unazozipenda kwa sababu ulitembea mbali sana kuzipata, au kwa sababu mtu aliye ndani yake amefariki. Hizo zitoe kwa upole uziweke kwenye albamu yako, maana mtazamaji hakutembea nawe. Utabaki na 25, pengine 30. Halafu waite watu wawili, mmoja mpiga picha na mmoja ambaye hajali habari hizi kabisa, kila mmoja kwa wakati wake. Usiwaeleze lolote. Kaa kimya uone wanasimama wapi. Kukaa kimya kutakuwa kugumu kuliko kupiga picha zenyewe, tumezoea kulipwa kwa kusema.

Muktadha naujali pia. Santu Mofokeng, mpiga picha wa Afrika Kusini, alifanya kazi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa miaka kumi tangu 1988, na huko alikusanya picha za zamani za familia za watu weusi, akitafuta majina ya waliomo na kuuliza ni akina nani. Kwa kazi kama hiyo maneno ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu swali ni nani huyu na nani alimpiga. Kama picha zako ni za namna hiyo, jina na mwaka viandikwe kwa usahihi wa mwanahistoria. Ila kama ni picha ulizopiga wewe kwa macho yako, basi mahali na mwaka vinatosha chini ya kila moja, na mlangoni weka aya moja ya maneno yasiyozidi mia, yaeleze ulikwenda wapi na ulikaa muda gani. Usieleze picha inamaanisha nini.

Na zile kurasa nne zipeleke kwenye jarida la historia, wahakiki wawili watazisoma zote.